Ukungu wa Ishiara

Ciakuthii alikuwa na ugomvi wa miaka mingi na jua, na jua lenyewe halikuwa na habari. Alizaliwa Kianjokoma, juu kule kwenye majani chai, ambako asubuhi mtu huupapasa mlango wa zizi kwa mikono kwa sababu ukungu umeumeza. Akaja kuolewa Ishiara, ambako, kwa maneno yake mwenyewe, kuku hutaga yai likiwa limeshaiva nusu. Alipokuwa bibi arusi alikuwa mwembamba na jua lilimpita pembeni. Sasa alikuwa nyanya mtu, mwili umejaa, sauti imejaa, na kila mwaka mwezi wa pili ukifika alikaa nyuma ya magunia yake ya ndengu sokoni akijipepea kwa kifuniko cha sufuria na kulitukana jua waziwazi, mpaka wateja wakadhani wanatukanwa wao.

Mumewe, Kithinji, kwao ni Nkubu. Serikali ilimleta Ishiara kutibu mbuzi, akatibu mbuzi mpaka akastaafu, na hakuwahi kuona sababu ya kurudi. Kimeru chake na Kiembu cha mkewe vilipokutana vilikanyagana miguu, kwa hiyo tangu mwanzo walikubaliana nyumba yao iwe ya Kiswahili, Kiswahili cha hivyo hivyo, cha kufanyia kazi. Lishikeni neno hilo, maana Kiswahili ndicho kitakachotuletea mgeni.

Lakini tusidanganyane, jua silo lililomuuma Ciakuthii. Kilichomuuma ni dada yake.

Kagure alikuwa mkubwa wake. Ndiye aliyembeba mgongoni, akamfundisha kuchuma majani mawili na chipukizi, akampiga kofi alipochuma matatu. Siku ya arusi alishuka Ishiara pamoja na wazee, akakaa kivulini, akasikia jasho likimteremka mgongoni kama mdudu, akasimama mbele ya wakwe wote na kutangaza: "Mimi kwa tanuri silali." Na kweli hakulala. Tangu siku hiyo alikuja asubuhi na kiondo cha maparachichi na majani ya chai, akala, akacheka, akakosoa, na kabla ng'ombe hawajarudi zizini alikuwa ameshapanda gari la Embu. Ciakuthii alipomzaa Beth, Kagure alikuja akaenda. Ciakuthii alipopasuliwa nyongo, Kagure alikuja, akalia, akaenda. Ciakuthii aliligeuza jambo hilo mzaha mbele za watu, lakini moyoni lilimchoma. Mtu asiyelala kwako, alisema, hajafika kwako bado. Kama kuna kitu kimoja alichokitaka kabla hajafa, ni dada yake alale kwake, hata usiku mmoja, akorome.

Ndipo mradi mmoja uliokuwa na ofisi karibu na soko ulipofungwa, na vyombo vyake vikapigwa mnada. Watu waligombania viti. Watu waligombania hata mapazia. Kwenye kona kulikuwa na kiyoyozi ambacho hakuna aliyekigusa, kwa sababu wengi walidhani ni friji iliyolala. Ciakuthii aliwahi kuingia ofisi hiyo siku moja kutafuta choo, akapigwa na ule ubaridi usoni, na nusura aombe kazi. Alikikumbatia kiyoyozi mbele ya umati kama mtoto aliyepotea akapatikana.

"Hii ni Kianjokoma," alimwambia Kithinji. "Nimeinunua nzima nzima."

Mutugi, fundi wa redio na friji, akaja kukifunga chumba cha wageni, juu ukutani. Alifanya kazi safi. Kabla ya kuondoka alimwonyesha mpira mwembamba uliotokeza nje ya ukuta. "Mama Beth, huu ni wa kutoa maji. Uangalie chini siku zote. Usiuguse."

Katika maneno hayo yote Ciakuthii alisikia moja tu: maji.

Lazima mjue Ishiara ndipo mumsamehe. Huko maji yanayooshea mboga huosha miguu, na yakishaosha miguu hupelekewa mpapai, na mpapai hushukuru. Ciakuthii alikuwa amepanga foleni ya maji akiwa na mimba, akiwa na mtoto, akiwa na homa. Sasa mashine ilikuwa ikidondosha maji safi kwenye vumbi, tone, tone, tone, bure, na kuku wanayatazama tu. Ilikuwa kama kuona mtoto anachezea unga. Mutugi hakuwa amefika hata barabarani, Ciakuthii akaunganisha mpira mwingine kwenye ule mwembamba, akapanda kigoda, akaupandisha mpaka juu ya tangi jeusi la maji ya mvua, lile lililojengewa kibaraza cha mawe, akauchomeka mdomoni.

"Tangi sasa lina mvua mbili," alimtangazia mumewe. "Ya Mungu na ya stima."

Kithinji aliutazama ule mpira ukipanda. Akafungua kinywa. Akakumbuka miaka yote ya ndoa yake, akakifunga.

Wiki za mwanzo zilikuwa arusi. Ciakuthii alikuwa akitoka sokoni, anakiwasha, analala chali kwenye kitanda cha wageni amevaa kanga, anaimba pambio. Kila asubuhi aligonga tangi kwa kiungo cha kidole, akalisikia limejaa kidogo, akaisifu mashine. Kwamba wiki hizo mvua ilikuwa ikinyesha usiku, hilo hakulitia hesabuni. Akampigia Kagure simu: njoo ulale, kumekuwa baridi. Kagure akasema, "Friji pia ni baridi na silali ndani yake."

Kisha ukuta ukaota madoa.

Mwanzoni yalikuwa vidoa vidogo nyuma ya kitanda, kama uso wa ndizi iliyoiva. Ciakuthii akadhani ni moshi, akafuta kwa kitambaa. Vikarudi na ndugu zao. Akafuta, vikarudi na wakwe zao. Mwisho wa mwezi ukuta ulikuwa mweusi, na pembeni kijani, na una manyoya. Ukiugusa, unaguswa. Akamwita jirani yake Cicily, mwimbaji wa sauti ya kwanza kanisani, mzaliwa wa Ishiara ambaye hakuwahi kuona ukuta ukilowa tangu azaliwe. Cicily aliukaribia ukuta kama mtu anayemkagua mgonjwa.

"Hii ni choa," akasema. "Mwanangu Njiru alikuwa nayo kichwani."

Akaenda kuleta mafuta ya choa. Wakaupaka ukuta mafuta, wanawake wawili wazima, kwa vidole, polepole, na Cicily akauombea. Ukuta ukang'aa. Madoa yakanenepa.

Kithinji naye akaona hii ni zamu ya taaluma. Akatoa stoo bomba lake la mgongoni, akachanganya dawa ya kuogeshea ng'ombe, akaupiga ukuta juu na chini kama anaogesha fahali. Chumba kikanuka josho siku kadhaa. Haki yake tumpe: tangu siku hiyo hajaonekana kupe hata mmoja kwenye ukuta ule. Ukungu ndio uliobaki.

Ciakuthii akapaka rangi. Rangi ikafura malengelenge ikaanguka. Basi akafanya anachofanya kila mtu aliyeshindwa, akaficha. Akatundika kalenda ya duka la pembejeo, akatundika leso ya Mothers' Union, ile ya akina mama wa kanisa, na katikati, pale palipokuwa pabaya zaidi, akatundika picha kubwa ya arusi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Baada ya siku chache aliingia kufuta vumbi, akapiga yowe. Kithinji wa siku ya arusi, aliyekuwa amenyolewa kwa wembe mpya na kaka zake wawili, alikuwa ameota ndevu za kijani.

"Zinanipendeza," alisema Kithinji wa sasa, akijitazama.

"Nyamaza! Kagure akiona hii! Kagure ananusa kikombe kabla ya kunywea!"

Na ni kweli alinusa. Ciakuthii aliapa mbele ya mumewe kwamba neno la ukuta huo halitavuka boma. Akazidi kumwalika dada yake kwa simu lakini kwa sauti ya chini, kama mtu anayekaribisha mgeni huku amesimama mlangoni. Alikuwa amenaswa: bila baridi Kagure halali, na baridi ndiyo iliyoleta manyoya.

Jioni moja simu ililia Ciakuthii akiwa ametia mikono kwenye unga. Kithinji akaipokea. Naye Kithinji, aliyesema ukweli kwa wenye mbuzi wanaokufa, hakujua kuusema nusu.

"Shemeji, habari ya huko?" aliuliza Kagure. "Jua bado linawachoma?"

"Jua liko, shemeji. Lakini saa hii shida yetu ni ukungu."

Ciakuthii akaganda, mikono hewani.

"Ukungu? Ishiara?"

"Ndio. Umeingia mpaka chumba cha wageni. Mzito! Ukiamka asubuhi unapata umeongezeka."

"Ni hiyo mashine ya Ciakuthii imeleta?"

"Ni hiyo tu. Zamani hatukuwa nao."

"Na hautoki hata jua likichomoza?"

"Hautoki, shemeji. Mimi nimechoka nao."

Ciakuthii alikuwa akimkata Kithinji shingo kwa kidole chenye unga, mara tatu, mara nne. Kisha akasikia sauti ya dada yake kwenye simu, nyembamba, imebadilika, kama ya msichana.

"Basi nakuja Ijumaa. Na mwambie nitalala."

Simu ikakatika. Ciakuthii akaketi kwenye gunia. Alifurahi mpaka akaogopa, akaogopa mpaka akacheka. Kagure analala! Lakini anakuja kuona uchafu! Labda anakuja kwa ajili ya uchafu. Ndivyo alivyo, angevuka mto Thuci kwa miguu kuja kukosoa sufuria. Alikesha akisugua nyumba yote isipokuwa ukuta ule, ambao aliuogopa.

Ijumaa adhuhuri, Ishiara ikiwa imewaka, wachuuzi wote wamejibanza kivulini, akashuka stendi mwanamke wa miaka sabini amevaa sweta juu ya sweta, boshori ya sufu mpaka kwenye nyusi, na gambuti za mpira mpaka magotini. Mkononi ana kiondo cha maparachichi, kichwani blanketi zito limekunjwa. Muuza embe mmoja alimuuliza kwa upole kama anaumwa mahali.

Kagure alipita moja kwa moja. Alifika bomani jasho likimchuruzika kidevuni, akasimama katikati ya uwanja, akageuka huku na huku.

"Uko wapi?" akauliza.

Ciakuthii akaona hakuna tena la kuficha. "Uko chumbani, dada yangu. Nisamehe."

"Chumbani tu? Huku nje hakuna?"

"Nje utokee wapi, na jua hili?"

Kagure akamtazama kama anayeanza kushuku jambo. Wakaingia, Kagure mbele, Ciakuthii nyuma yake akijipangusa, Kithinji nyuma kabisa karibu na mlango, tayari kukimbia. Chumba kilikuwa baridi kweli. Kagure akasimama. Akatazama dari, akatazama kona, anatafuta ukungu wa nyumbani kwao, ule mweupe, unaotembea. Kisha pua yake ikacheza. Akaenda moja kwa moja kwenye picha ya arusi, akaiondoa msumarini, akaona ukuta, akaona ndevu.

"Kithinji," akasema polepole. "Ulisema ukungu."

"Si ndio huu, shemeji?"

"Mimi nilijua ni ukungu! Nikavaa gambuti!"

"Na si huu ni ukungu?"

"Huu ni ukungu lakini si ukungu!" Akapiga paja. "Mungu wangu, ni Kiswahili! Nimeletwa Ishiara na Kiswahili!"

Akaangua kicheko. Si kicheko cha mtu mzima. Kilianzia kwenye gambuti kikapanda, boshori ikaanguka, akaketi kitandani, kitanda kikalia. Ciakuthii alitaka kulia lakini kicheko cha dada yake tangu zamani kilikuwa na kamba, kikikupata kinakuvuta. Wakashikana. Kithinji akacheka mlangoni kwa tahadhari, maana hakuwa na hakika kama ameshasamehewa.

Kagure alipopata pumzi alivuta hewa kwa nguvu, mara moja, mara ya pili, akafumba macho. "Wewe. Hii ni harufu ya kabati la mama."

Hapo Ciakuthii akakumbuka. Yalimjia yote kwa mpigo, akaona aibu na furaha pamoja. Kianjokoma! Kila mwezi wa saba viatu vya Jumapili viliota manyoya chini ya kitanda. Kitabu cha nyimbo kilitolewa nje kikapeperushwa kabla ya kwenda kanisani. Na nani alikuwa akifuta kuta, kila Jumamosi, kwa brashi na maji ya moto? Ni yeye, Ciakuthii, kitinda mimba! Ukungu wa aina zote mbili ulikuwa mtu wa nyumbani kwao. Jua la Ishiara lilikuwa limemkausha mpaka kumbukumbu, akaenda kumficha mtu pekee aliyeufahamu.

"Ulipaka nini?" Kagure aliuliza, akinusa kidole.

"Mafuta ya choa."

"Na?"

"Dawa ya kupe," akasema Kithinji kutoka mlangoni.

Kagure aliinua mkono kumwomba Mungu subira. "Sasa nionyesheni haya maji yanatoka wapi. Ukungu hauji bila maji."

Wakatoka nje. Kagure akaufuata mpira kwa macho: unatoka ukutani, unapanda, unapanda, unaingia tangini.

"Nani alifanya hii?"

"Mimi," alisema Ciakuthii, na hata wakati ule hakuweza kuficha fahari. "Yasimwagike."

"Wewe umewahi kuona maji yakipanda mlima?"

"Kwa pampu."

"Pampu iko wapi?"

Kuku mmoja alilia. Ciakuthii aliutazama mpira, akalitazama tangi, akautazama ukuta, na ndipo akaona safari yote: maji yaliposhindwa kupanda yalirudi ndani kuutafuta ukuta, kwa maana maji hufuata mkondo. Kwao Kianjokoma kila nyumba ina mfereji wa kuyafukuza. Hapa alikuwa ameyazuia mlangoni yasitoke, kama mtu anayemshika mgeni nguo.

Kagure mwenyewe alipanda kigoda, sweta zote mbili zikiwa bado mwilini, akauchomoa mpira tangini na kuushusha. Mpira ukakohoa. Ukatoa pumzi, ukatoa uzi mweusi wa uchafu, kisha ukatapika yote kwa pamoja juu ya viatu vya Kithinji. Ciakuthii alishangilia kama bao limefungwa, halafu mkono wake wenyewe, bila kuulizwa, ukasukuma karai chini ya mpira.

"Karai sawa," Kagure akasema. "Karai liko chini."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kagure alivua sweta zote mbili akashika amri. Mashine ikazimwa. Madirisha yote wazi. Godoro nje. Wakajifunga leso puani, wakachanganya jiki, ile dawa ya kung'arishia nguo, na maji, wakausugua ukuta kwa brashi, madoa yakayeyuka mikononi mwao. Kithinji alileta kibuyu cha dawa yake akapendekeza waongeze kidogo tu, akafukuzwa. "Dawa mbili hazichanganywi, shemeji. Utatuua tufe wasafi." Upepo wa Ishiara, ule wa moto, uliingia dirishani ukaulamba ukuta, na Kagure akasimama akiutazama kwa heshima asiyoipenda. "Kwetu huu ungekauka mwezi wa tisa," alikiri. "Hili jua lenu lina kazi, kumbe."

Kisha kivuli cha mpapai kikafika kwenye kibaraza, na ng'ombe wakasikika mbali. Ciakuthii alikijua kivuli hicho kuliko saa. Ndicho kilichokuwa kikimwondolea dada yake kila mara. Mashine imezimwa, nyumba ni moto, na ule ukungu aliokuja kulala nao haukuwepo. Sababu zote zimekwisha. Akamwona Kagure akitafuta kiondo chake, akageuza uso, akajifanya anakunja leso.

"Shemeji," alisema Kithinji, mtu wa ukweli, "nikusindikize stendi? Gari la mwisho litatoka."

Kagure alikuwa ameshika kiondo. Akaingia chumbani, akaweka kiganja ukutani.

"Na huu ukuta atabaki nao nani?" akauliza. "Nyinyi? Watu wa kupe?" Akatoa maparachichi kwenye kiondo, moja moja, akayapanga mezani. Akaketi. Akavua gambuti. "Nitalala mpaka ukauke."

Ciakuthii alitoka kupitia jikoni, akaenda nyuma ya banda la kuku ambako hakuna mtu, akacheza. Alicheza na mwili wake wote, mikono juu, machozi yakimtoka, na kuku wakampisha.

Chumba cha wageni kilikuwa majimaji, kwa hiyo dada wawili walilala kitanda kimoja kama zamani, na Kithinji akahamishiwa kochi la sebuleni pamoja na blanketi zito la Kianjokoma ambalo hakuna mwingine aliyelitaka. Asubuhi Kagure alitokea ameloa jasho, nywele zimesimama.

"Nimeiva upande mmoja," alilalamika. "Usiku wa leo nitageuka niive wa pili."

Ikawa desturi. Kila asubuhi, kabla ya chai, Kagure aliingia chumbani akagusa ukuta, akasema, "Bado." Mutugi akaja kuusafisha mpira na kuufunga vizuri, ukiangalia chini. Cicily akaja kusalimia choa, akakuta imepona. Kithinji, shingo imepinda kwa sababu ya kochi, alivumilia, kisha asubuhi moja akaingia nyuma yao chumbani na kugusa ukuta kwa kiganja chake mwenyewe.

"Lakini huu umekauka!" akasema. "Umekauka tangu juzi hata. Gusa, Mama Beth."

Ciakuthii akaweka mkono. Ukuta ulikuwa mkavu, vuguvugu, kama mgongo wa mtoto aliyebebwa. Hakumtazama dada yake, na dada yake hakumtazama.

"Bado," akasema Ciakuthii.

Kagure akaweka mkono wake kando ya ule wa mdogo wake. "Bado kabisa," akasema.

Kithinji akawatazama, akafungua kinywa, akakifunga, akaenda kulikung'uta blanketi la kochi.